Kayaki za mtumba zimejaa mikwaruzo tumboni. Nichukue au niache? (Tanga)

chuda_matembezi

Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga mjini, natembeza wageni, zaidi Tongoni kwenye magofu na Amboni mapangoni. Sasa nataka niongeze kitu cha majini: kupiga kasia kwenye mikoko maji yakiwa yamejaa, kikundi kidogo tu.

Kuna nyumba ya wageni moja huko kusini ya Pangani inafungwa, mwenyewe anauza kila kitu hadi vijiko. Kayaki zipo tano. Tatu ni za plastiki, rangi ya chungwa, za kukalia juu, watu wawili wawili. Ya nne ni ndefu, ya plastiki pia, ile ya kuingiza miguu ndani. Ya tano ni ya faiba, nyeupe.

Nimezipindua zote nikaziangalia. Zile tatu za kukalia juu tumbo lote ni mikwaruzo, mistari inatoka omo hadi tezi (mbele hadi nyuma), mingine ukipitisha ukucha unanasa. Kwa nyuma pale zinapoburutwa plastiki imelika mpaka imekuwa bapa. Mojawapo imebonyea chini ya kiti cha nyuma, kiganja kizima kinaingia. Ile ndefu haina mkwaruzo hata mmoja, utadhani jana imetoka dukani, ila rangi nyekundu imekuwa ya waridi na ukiipapasa unabaki na unga mkononi. Ya faiba ina nyufa nyembamba sana upande wa kushoto, zimetawanyika kutoka sehemu moja, na mkwaruzo mmoja mrefu unaoonyesha rangi ya kijani-kijani ndani.

Mwenye mali anasema kayaki isiyo na mikwaruzo ni kayaki isiyofanya kazi. Anataka laki nne kwa kila moja ya zile zenye mikwaruzo, na laki sita kwa ile ndefu kwa sababu "ni mpya". Makasia na majaketi okozi anatia juu, bure. Shemeji yangu anasema nichukue zote, nipige rangi, wageni hawatajua.

Swali langu: mkwaruzo upi ni wa kuogopa na upi ni wa kuupita? Nitawapandisha watu wasiojua kuogelea, nataka nilale usingizi.

mgosi_wa_kange

Mgosi, laki nne kwa plastiki iliyolika? Hiyo hela tafuta mtumbwi wa mwembe, wageni wenyewe wanapenda vya asili. Ukikwaruzika hakuna anayeuliza.

fundi_deepsea

Kijana wangu, umeuliza vizuri, na umeangalia vizuri kuliko wengi wanaoniletea vyombo. Mie ni fundi, niko karibu na soko la samaki la Deep Sea. Nilianza na mbao, nikikalafati, yaani kuziba mishono ya mbao, chini ya mjomba, kisha faiba, na sasa plastiki kwa kuwa ndiyo inayokuja. Nitaandika marefu, mwenye haraka apite.

Kwanza acha kuhesabu mikwaruzo. Wewe tazama iko wapi na imekwenda chini kiasi gani. Kayaki ya plastiki imeundwa kwa njia ileile ya tanki la maji lililoko juu ya paa lako: unga wa plastiki unatiwa kwenye kalibu ya chuma, kalibu inazungushwa ndani ya tanuri, unga unayeyuka na kujipaka ukutani. Ikipoa, ukatoa chombo, kimekuwa kitu kimoja mwanzo mwisho. Hakuna ngozi ya juu inayolinda nyama ya ndani. Rangi unayoiona nje imepita hadi ndani. Kwa hiyo mkwaruzo haufungui mlango wowote wa maji. Umepunguza unene tu, basi. Ukuta wa kayaki ya namna hiyo huwa kama milimita 5, huo unaonasa ukucha hata milimita moja haujafika. Wa mchanga huo, na wa mwamba. Upite.

Kama kuna vinywele vya plastiki vimesimama kando ya mkwaruzo, chukua wembe au kipande cha kioo, ulaze, unyoe. Usipige msasa. Plastiki hii ukiipiga msasa inaota nywele nyingi zaidi ya ulizoziondoa, utashinda hapo mpaka magharibi.

Sasa kwenye kuogopa. Pale nyuma palipolika bapa ndipo nataka uende na tochi ya simu. Usiku, au ndani ya banda lenye giza, fungua kizibo au mfuniko, ingiza mwanga ndani, wewe kaa nje. Ukuta mzima utawaka kidogo. Palipokonda patawaka zaidi. Ukiona doa linang'aa kuliko jirani yake, hapo pamebaki karatasi, na safari chache za kuburutwa patatoboka. Kwenye rangi ya chungwa utaona vizuri, ingekuwa nyeusi tungepiga ramli.

Halafu angalia matundu ya kutolea maji, yale yanayopita kutoka sitaha hadi chini. Hapo ndipo za kukalia juu zinapofia, na muuzaji hakuonyeshi kwa kuwa hata yeye hajawahi kuchungulia. Kila tundu ni bomba linalounganisha sakafu na tumbo. Mtu mzito akijitupa kwenye kiti, sakafu inashuka, tumbo halishuki, bomba linavutwa. Na wale wenye vigari vya magurudumu ambavyo nguzo zake huingizwa kwenye matundu hayohayo, chombo kizima kinabebwa na mdomo wa tundu. Ufa unakuwa mwembamba, unazunguka shingo ya tundu, huuoni mpaka ukandamize kwa kidole gumba pembeni yake. Mkwaruzo wa urefu wa mkono tumboni haunishughulishi. Ufa wa urefu wa punje ya mchele shingoni mwa tundu unanifanya nikipandishe chombo kwenye magogo.

Kwa nini? Kwa kuwa kinachombeba mgeni wako ni hewa iliyofungwa ndani. Maji yakiingia kidogo kidogo hayaonekani, yanakimbia upande ule chombo kinapolalia, na chombo kinazidi kulalia hukohuko. Mgeni anasema "mbona inayumba", kiongozi anamwambia akae katikati. Hakuna katikati hapo.

Jaribio: iweke kayaki juu ya magogo mawili, imwagie ndoo moja ya lita 20 ndani kupitia kizibo, iyumbishe taratibu, kausha nje kwa tambara, subiri. Panapotoa jasho weka alama kwa chaki. Usiijaze, uzito wa maji utakuvunjia kilicho kizima.

Sasa hiyo ndefu "mpya". Hiyo mie singeitoa hapo hata kwa laki moja kabla ya kuijaribu. Chombo kisicho na mkwaruzo maana yake kimekaa. Kimekaa wapi? Juani. Rangi imekwenda na unga unatoka, jua limeshaanza kuila plastiki yenyewe. Mwanga wa jua unakata minyororo ya plastiki, ile hali ya kunyumbuka inaondoka. Kiwandani huwa wanatia dawa ya kuzuia, lakini dawa hiyo ina mwisho wake. Matanki ya maji mengi ni meusi kwa sababu masizi ya kaboni yaliyochanganywa humo ni kinga nzuri ya jua. Kayaki zinatakiwa zipendeze, ndiyo shida.

Chukua kisu kikali. Nenda kwenye ukingo wa pale anapoingilia mtu, sehemu isiyoonekana sana, kwangua kidogo. Ukitoka ukanda mrefu unaojikunja, plastiki iko hai, unga wa juu si kitu. Ikitoka vumbi na vipande vidogo vidogo, inavunjika kama biskuti, mwachie mwenyewe apande maua. Ile haichomelewi wala haizibwi, ukichomelea hapa inapasuka pale.

Uone basi mambo yalivyo. Zile anazoziuza bei ya chini kwa aibu ya mikwaruzo huenda ndizo nzima, na aliyoipandisha bei kwa usafi wake ndiyo mzoga.

Kubonyea chini ya kiti kusikukeshe. Imewekwa juu ya mti au jiwe, kukawa na joto, ikajikunja. Ipindue juani saa saba mchana, tumbo juu, ikipata moto isukume kutoka ndani, au imwagie maji ya moto ya birika. Mara nyingi inarudi. Lakini kabla ya hapo tazama kingo za mbonyeo. Ukiona mstari mweupe umejikunja, plastiki hapo imechoka, usiichezeechezee.

Faiba nitaandika baadaye, kuna mtu kaleta boti.

dada_wa_ushongo

Fundi kamaliza, mie naongeza machache maana nafanya kazi hiyohiyo upande wa Ushongo.

Kaka, kabla hujauliza juu ya mikwaruzo ya mwenye mali, jiulize wewe utazishusha vipi. Pale nyuma palipolika si bahari iliyofanya, ni binadamu mmoja kavuta kamba ya mbele, kisigino cha kayaki kikasugua mchanga kutoka bandani hadi majini, kila siku. Huku kwetu ni mchanga mtupu lakini maji yakikupwa, siku za bamvua hasa, yanapojaa na kupwa kupita kiasi, unatembea mpaka unachoka. Kijana akiwa peke yake lazima aburute. Suluhisho ni watu wawili kwa kila kayaki, mmoja huku mmoja kule, hata kama mmoja ni mgeni mwenyewe. Wageni wanapenda kusaidia, usiwaonee haya.

Kwenye mikoko hatari yako ni chaza wanaoganda kwenye mizizi. Wale wanakata plastiki, wanakata na mguu. Ingia maji yakiwa bado yanajaa, toka kabla hayajaanza kukimbia, usisubiri mpaka uanze kusukumana na mizizi. Chini ya kayaki zangu kuna mikato ya chaza iliyo mirefu kuliko yako na bado zinafanya kazi, sijaigusa.

Hayo majaketi okozi "ya bure" ndiyo yangenitia wasiwasi kuliko mikwaruzo yote. Shika kitambaa pale mabegani, ambapo rangi imekufa zaidi, finya kwa vidole viwili vya kila mkono, vuta. Kikichanika, weka kando, usimwonee haya aliyekupa. Minya sponji la ndani, likibaki limeminyika halina kazi tena. Bizimu zikague meno moja moja. Kisha mvalishe kijana wako anayejua kuogelea, aingie maji ya kifuani, akunje miguu: kidevu kibaki juu ya maji bila yeye kupiga mikono. Na wafanyakazi wako uwakataze kuyakalia wakati wa kupumzika ufukweni, sponji linalala.

Makasia: kama mpini ni wa alumini na unaungana katikati, jaribu kuutenganisha. Ukikataa, chumvi imeshauma ndani na utavunja kitufe ukilazimisha. Ncha za kasia zilizolika kwa mawe hazina ubaya, zipige tupa tu zisimkate mtu.

Swali kwako: banda unalo?

chuda_matembezi

Asante sana fundi, asante dada. Banda sina bado, kuna kiwanja cha ndugu yangu Sahare, miti miwili mitatu. Nilifikiri turubai la bluu.

dada_wa_ushongo

Turubai la bluu juani halidumu, litaanza kutoka nyuzi, na zile nyuzi zitaishia baharini. Ezeka makuti. Nguzo nne, makuti, hewa inapita chini. Usizilaze kayaki kwa tumbo juu ya miti myembamba, zitabonyea tena, zisimamishe kwa ubavu. Na ukiziweka usifunge vizibo, acha wazi. Hewa ya ndani ikipata joto inatafuta pa kwenda, nimeona kayaki imevimba mgongo.

raskazone_mkaazi

Mnamtisha bure huyu. Yangu niliisafisha, nikapiga praima, nikapiga rangi ya gari, ikawa mpya. Shemeji yake hajakosea.

fundi_deepsea

Ndugu yangu wa Raskazone, ikashika mpaka lini?

raskazone_mkaazi

Ilishika vizuri tu. Ilianza kubanduka chini baada ya kuipandisha kwenye mwamba pale mbele ya nyumba. Juu bado iko.

fundi_deepsea

Juu bado iko kwa kuwa juu hakuna kinachoigusa. Plastiki hii haishiki kitu. Gundi, resini, rangi, vyote vinakaa juu yake vikisubiri kuondoka. Ndiyo maana ndoo ya rangi ikikauka unabandua rangi nzima kwa mkono mmoja, ndoo ikabaki safi, maana ndoo nayo ni ya jamii hiyohiyo. Ukitaka gundi ishike kidogo inabidi upitishe moto wa gesi juu juu, haraka, bila kuyeyusha, uso wa plastiki ubadilike. Hata hivyo kwa tumbo la kayaki sikushauri.

Lakini kubanduka si hoja yangu kubwa. Rangi inaficha. Leo umeiziba shingo ya tundu kwa rangi, kesho ufa uko chini yake, na utauona siku maji yakishaingia. Chombo cha biashara nataka kiwe uchi nikione. Mikwaruzo yake inaniambia wapi kimegusa, kwa pembe gani, na nani anakishusha vibaya. Mie nikiletewa kayaki nyingine ya banda moja, nikikuta mikwaruzo yote iko upande wa kulia tezini, najua kuna kijana mmoja anavuta akiwa amesimama upande mmoja, na namtaja mbele ya bosi wake wanashangaa.

Wageni kutojua? Mgeni anayekodi kayaki akiona tumbo safi ndiyo ahofu.

Haya, faiba. Hii ni habari nyingine kabisa, usichanganye na niliyosema juu. Faiba ina tabaka. Nje kuna jelikoti, ngozi ya rangi, nyembamba, kama nusu milimita. Ndani ni nyuzi za kioo zilizolowa resini. Mkwaruzo ukibaki ndani ya nyeupe ni wa urembo, ukitaka uusugue kwa msasa wa maji, namba 400, 800, 1200, halafu dawa ya kung'arisha, usipotaka uuache. Lakini wako umeonyesha kijani. Hiyo ni resini na nyuzi zenyewe, ngozi imepita. Maji yananyonywa taratibu kufuata nyuzi, na kwa kuwa ni ya chumvi hata kukauka haikauki vizuri. Huo hauachwi. Usafishe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, ukauke kabisa siku kadhaa kivulini, upanue kidogo kwa msasa, ufute kwa asetoni, ujaze. Kazi ya nusu siku, si ya kukimbia.

Zile nyufa zilizotawanyika kutoka sehemu moja ni pigo. Kitu kimegonga, au mtu kaiangusha. Chukua sarafu, gonga kuanzia mbali ukija karibu. Sauti kavu, kali, ndiyo nzima. Ikifika mahali ikawa nzito, imefifia, tabaka zimeachana hapo. Chungulia ndani kwa tochi: ukiona baka jeupe jeupe kama ukungu, nyuzi zimevunjika, inabidi kutia mkeka wa faiba kutoka ndani. Inatengenezeka. Faiba karibu yote inatengenezeka, ndiyo uzuri wake, na ndiyo tofauti yake na plastiki iliyokufa kwa jua.

Mjini kwetu wanafikiri chombo kinatunzwa kwa kuzuia kisiguswe. Wazee wa mashua hawakufikiri hivyo. Chombo kilipandishwa pwani bamvua, kikachomwa moto wa makuti chini kuua wadudu wanaotoboa mbao, kikakwanguliwa, kikapakwa deheni (mafuta na chokaa), kikarudi majini. Kila mara kinapotea kidogo na kila mara kinaongezwa kidogo. Hakuna aliyelia kwa sababu ya mkwaruzo. Kilichowaliza ni jahazi lililoachwa nchi kavu miezi, mbao zikakauka, zikaachia mishono. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine, nisije nikaanza kuhubiri.

mgosi_wa_kange

Nimekuja kucheka nimebaki kusoma. Fundi, na ngalawa za faiba zinazotengenezwa sasa hivi ni hivyohivyo?

fundi_deepsea

Hivyohivyo. Ukiagiza, mwambie fundi akuongezee tabaka mbili za mkeka chini ya mkuku, ule uti wa chini ya chombo, na kwenye kisigino, hizo kazi yake ni kuliwa. Zikilika unaongeza nyingine, chombo hakijaguswa.

chuda_matembezi

Wakuu, nimerudi tena kule na kisu, tochi na sarafu. Mwenye mali alinitazama kwa jicho la ajabu lakini aliniachia.

Ile ndefu: vumbi. Nilikwangua sehemu mbili, zote vumbi. Nikabonyeza kidogo ukingo wa mfuniko wa nyuma ukakatika mkononi mwangu, na mwenyewe akaona kwa macho yake. Akaacha kuitaja.

Za kukalia juu: mbili zilitoa ukanda mzuri unaojikunja. Tochi ilionyesha doa linawaka nyuma ya mojawapo, upana wa sarafu ya mia mbili. Ya tatu, ile iliyobonyea, nilikandamiza kando ya tundu la nyuma kushoto kama fundi alivyosema, ufa ukafunguka na kufunga. Ndoo ya maji ikatoa jasho hapohapo. Mbonyeo wenyewe hauna mstari mweupe.

Faiba: sauti ilikuwa kali kote isipokuwa eneo dogo la kiganja penye zile nyufa.

Majaketi: kati ya yote, matatu ndiyo yaliyopona. Mengine kitambaa kilichanika kirahisi mno. Makasia mawili hayatenganishwi.

Tumekubaliana laki tatu na nusu kwa kila moja ya zile mbili nzima, laki moja na nusu kwa yenye ufa, na faiba laki tatu. Ndefu nimemwachia. Kesho nakwenda na kirikuu kuzibeba. Sasa fundi, huo ufa wa shingo ya tundu na lile doa lililokonda unaviziba na nini? Kuna jamaa hapa Ngamiani anaziba ndoo na mabeseni kwa chuma cha moto na vipande vya dumu la njano. Nimpe?

dada_wa_ushongo

Hongera kaka. Kwenye kirikuu funga kwa mikanda bapa, usitumie kamba nyembamba, na usikaze mpaka ilie. Jua la njiani likishaipasha moto, kamba itaingia ndani ya plastiki na utafika Tanga na mbonyeo mpya. Kama huna mikanda ukaamua kutumia katani, tia matambara chini yake, na ikinyesha simama uilegeze, katani ikilowa inakaza yenyewe.

fundi_deepsea

Umefanya kazi ya mwanamume, na bei umepata.

Huyo jamaa wa Ngamiani mikono anayo, simdharau, kuziba ndoo si mchezo. Tatizo ni dumu. Dumu ni plastiki ya ukoo huohuo lakini ngumu zaidi, na imepulizwa, haikuzungushwa kwenye tanuri. Ukiiyeyushia juu ya kayaki inakaa, ikipoa zinavutana kila moja kivyake, siku mtu mzito akikaa, kiungo kinaachia. Bora upate vipande vya tanki la maji. Waliokata tanki bovu kufanya hori la ng'ombe huwa wanatupa mabaki, hata mafundi bomba wanapotoboa tanki kuweka mdomo wa bomba wanabaki na kile kisahani cha duara. Hicho ndicho dawa. Kikate vipande virefu vyembamba, unene wa penseli. Kitakuwa cheusi juu ya chungwa, haidhuru.

Bora zaidi ni plastiki ya kayaki yenyewe. Ungekuwa umeichukua ile ndefu kwa bei ya kutupa ningesema tuikate, lakini imekufa, hata kwa kuzibia haifai.

Kabla ya yote jaribu kidogo mahali pasipo na madhara kwa chuma cha moto. Plastiki ikiyeyuka na kutiririka, tunachomelea. Ikilainika bila kutiririka kisha ikaungua, ni ile aina iliyofungwa minyororo kiwandani, hiyo haichomelewi na tutafikiria njia nyingine.

Kwenye ufa nitatoboa kitundu kidogo kila mwisho wake, ili usiendelee kukimbia. Halafu nachimba mfereji wa pembe kufuata ufa, nusu ya unene. Napasha moto ukuta na kipande kwa pamoja, vyote viwili ving'ae, ndipo nabonyeza. Mafundi wengi wanayeyusha kipande peke yake wanakimwaga juu ya ukuta baridi, kinabanduka kimoja. Moto ukizidi ikawa ya kahawia, imeungua, inakwanguliwa upya. Shingo ya tundu ni sehemu mbaya kwa kuwa mkono hauingii vizuri, nitaifanya kutoka juu na kutoka chini, na baada ya hapo hiyo kayaki mpe mtu mmoja mmoja. Wawili wazito usiwapandishe.

Lile doa lililokonda nitaliongezea juu, kiraka cha upana wa viganja viwili, kingo zilazwe zisishike mchanga. Litalika tena. Likilika tunaongeza.

Faiba iletwe siku hiyohiyo, ianze kukauka kivulini wakati nafanya hizo nyingine.

Njoo Jumamosi au Jumapili asubuhi, si Ijumaa. Zioshe kwa maji baridi kwanza, nje na ndani, chumvi na mafuta ya wageni ya kujipaka juani yanaharibu kazi. Na vizibo njoo navyo, watu wanavisahau nyumbani halafu ndoo ya majaribio inamwagikia miguuni kwangu.

chuda_matembezi

Jumamosi inshallah. Visahani vya tanki nimepata viwili kwa fundi bomba wa Makorora, na kipande kimoja kirefu. Vitatosha?

fundi_deepsea

Kipande kirefu urefu gani? Kama kimefika mkono mmoja kinatosha, visahani utaviweka akiba.